Mvua Haikuniuliza Jina

Jumapili, 2 Novemba 1997

Naandika Kiswahili. Usha, mke wangu, anakisema vizuri kuliko mimi lakini kukisoma kunamchosha, na Kigujarati changu cha kuandika kinatosha kadi za harusi tu. Hapa nitasema ninachotaka.

Leo kulikuwa na kikao cha mandir, hekalu letu. Familia za Kihindu tumebaki kumi na moja katika mji huu wa Shinyanga. Nilipokuwa mdogo tulijaa mpaka watoto wakakaa ngazini. Mwezi wa tisa nilitoa mabati ya kuezeka paa lote upya, mimi Jashvant peke yangu, kutoka dukani kwangu. Sikuomba kitu. Nilidhani tu, kama mtu yeyote angedhani, kwamba ukutani kitawekwa kibao cha marumaru chenye jina la marehemu baba yangu na, chini yake, kwa herufi ndogo, langu.

Kuhani wetu, Sanket, ni kijana wa miaka thelathini aliyeletwa kutoka Gujarat mwaka jana, na mpaka leo anasema "maji ya mimi". Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Jashubhai, mbele ya Bhagwan, Mungu wetu, jina kubwa na jina dogo yanasomeka sawa. Tuache ukuta mweupe."

Wote wakakubali. Walikubali upesi mno.

Kisha zikapangwa zamu za utumishi, kwa vikaratasi ndani ya bakuli. Mmoja akapata maua, mwingine taa, mwingine kupika prasad, chakula cha baraka. Mimi nimepata viatu. Nisimame mlangoni, nipokee viatu vya waumini, nivipange, nivifute vumbi. Miaka sitini na moja nimeishi hapa. Viatu.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua kubwa. Redio inaiita El Nino.

Jumanne, 11 Novemba

Nyamizi, anayefanya kazi za nyumbani kwetu, alinisubiri uani asubuhi.

"Shikamoo, Baba Heena."

"Marahaba."

Akabaki amesimama. Nikamwambia aseme upesi, lori la saruji linanisubiri. Akasema amesikia mabati ya zamani yaliyoshushwa kwenye mandir yamerundikwa bohari kwangu. Kama hayana kazi, anaomba sita. Paa lake la nyasi limechoka na ukuta wa nyuma unalowa.

"Tutaona," nikamwambia.

"Asante, baba," akasema, kana kwamba nimeshampa.

Jumapili, 16 Novemba

Zamu yangu ya kwanza ya viatu. Watu wazima walinivulia kwa aibu, wakigeuza uso. Watoto walinirushia tu. Mimi, ambaye nikiingia benki meneja huinuka kitini!

Wimbo wa leo ulikuwa ule wa unyenyekevu: sisi ni mavumbi ya miguu ya waja wako, ee Bwana, sisi si kitu. Nina sauti nzuri, hilo hata adui zangu wanalijua, kwa hiyo niliimba nikiwa hukohuko mlangoni ili nisikike mpaka mbele. Baada ya ibada Sanket alinijia akitabasamu.

"Jashubhai, ukimwambia Mungu kwamba wewe si kitu, angalia usiwe unasubiri akukatalie."

Jibu lililonijia halifai kutamkwa hekaluni.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua.

Jumapili, 23 Novemba

Paa la mandir linavuja. Si kidogo: tone juu ya tone, palepale wanapokaa wanaume, na la kwanza lilinipiga mimi utosini. Mbele ya watu nimemlaumu fundi aliyeliezeka. Fundi akasema, "Mzee, mimi nimepiga bati ulilonipa." Nikamwambia anyamaze.

Kwa kuwa hapa hasomi mtu, niandike. Yale mabati yalikuwa geji nyembamba, yamelala bohari miaka minne, na wateja walikuwa wakiyageuza huku na huku kisha wanayaacha. Usha aliniuliza siku ile yanapakiwa, "Kwa nini hayo?" Nikamjibu kwamba Mungu hapimi geji.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimepanda juu ya paa na kopo la lami. Nimeziba matundu mawili.

Alhamisi, 4 Desemba

Linavuja sehemu nyingine.

Jumanne, 16 Desemba

Reli imekatika, na barabara pia. Malori ya wateja wangu wa Katoro hayajafika siku ya tisa leo. Wachimbaji dhahabu wa huko mashimo yao yamejaa maji, wanalilia pampu, na pampu zangu zimo ndani ya behewa lililokwama nisikokujua. Kila asubuhi napiga magoti mbele ya sanamu ya Krishna nyumbani na kumkumbusha: miaka arobaini sijakosa kukuwashia taa, sijala nyama, sijanywa pombe. Sasa nakuomba kitu kidogo tu, jua la siku tatu.

Ikanyesha mpaka magharibi.

Ijumaa, 26 Desemba

Nyamizi amerudi kutoka mapumziko ya Krismasi na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo Usha anavipenda. Akanitazama kama mtu anayesubiri jibu. Nikajifanya natafuta miwani.

Mabati ya zamani nimeyatumia kufunikia saruji. Saruji ikilowa ni hasara, na ndiyo kazi niliyoyapa.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Nyamizi hakuja. Nimekunywa chai aliyopika Usha, ambaye goti lake halimruhusu kusimama jikoni. Ilikuwa na chumvi badala ya sukari. Tumegombana.

Jumanne, 13 Januari

Hakuja. Hata kutuma mtu aseme! Ndiyo shukrani ya watu hawa.

Jumatano, 14 Januari

Hakuja. Usha akasema, "Nenda ukamtafute."

"Wapi?"

Tukatazamana. Usha akasema ni ng'ambo ya reli, huko bondeni karibu na mto. Nyumba gani, hajui. Nyamizi amefanya kazi kwetu miaka ishirini na tisa. Alimbeba mtoto wetu Heena mgongoni kabla hajajua kutembea. Heena leo yuko Leicester na ana watoto wake wawili, ambao Nyamizi anawajua kwa majina na siku walizozaliwa.

Alhamisi, 15 Januari

Hozefa, jirani yangu mwenye duka la vitambaa, alinipeleka kwa pikapu yake ingawa amefunga Ramadhani na alikuwa na kiu. Ng'ambo ya reli hakuna mtaa tena. Kuna maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kuta zilizokatika kiunoni. Mama mmoja alikuwa akitoa tope ndani ya nyumba yake kwa karai.

"Tunamtafuta Nyamizi," nikamwambia.

"Akina Nyamizi ni wengi, mzee. Mama nani?"

Nikamgeukia Hozefa. Hozefa akanitazama mimi.

"Mama nani?" yule mama akarudia polepole, kama mtu anayeongea na mgeni wa nchi. "Mtoto wake anaitwa nani?"

"Anafanya kazi kwa Wahindi."

"Wahindi gani?"

"Kwangu," nikasema.

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Akaendelea kuchota tope lake.

Tuliuliza nyumba kumi na tano au ishirini. Kila mahali ni swali lilelile, mama nani, mama nani. Yeye kila siku ananiita Baba Heena. Mimi sikujua hata kama amezaa.

Ijumaa, 16 Januari

Shule ya msingi ambako wamewekwa waliobomokewa. Hayupo. Nimepiga kelele kwa mwalimu ambaye hana kosa lolote.

Jumamosi, 17 Januari

Bujiku, anayenivutia saruji kwa mkokoteni tangu zamani, alikuwa barazani akingoja mvua ipungue. Sijui kwa nini sikumuuliza yeye kwanza. Najua. Sikufikiri kwamba anajua kitu.

"Nyamizi wa kwako, tajiri? Mama Loveness?"

Loveness.

"Mama Loveness amefiwa," Bujiku akasema. "Ukuta wa nyuma uliwaangukia Jumamosi iliyopita alfajiri. Yeye kavunjika mkono. Mama yake mzazi alikuwa amelala upande ule ule wa ukuta. Wamemzika kijijini kwa Donatus, kaka yake Nyamizi, njia ya kwenda Mwakitolyo. Mimi nilidhani umepata habari. Mji mzima unajua."

Ukuta wa nyuma.

Nilitoka nje, mvua ikinipiga, nikaenda bohari. Yale mabati ya zamani yalikuwa palepale juu ya saruji. Nikayahesabu ya juu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nilikuwa na yaliyozidi thelathini. Nikayapiga teke mpaka Usha akatoka na mwavuli kuja kunishika.

Jumapili, 18 Januari

Sikwenda mandir. Viatu na vipangwe na mwingine.

Tulipakia mabati ishirini kwenye pikapu ya Hozefa. Si yale ya zamani. Geji nzito, mapya, niliyokuwa nimewawekea watu wa Katoro. Nilichagua moja moja kwa mkono wangu. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nitashuka, nitasimama mbele ya watu wote, nitakiri, nitampa. Nilijiona kabisa nikifanya hivyo. Hata sauti yangu niliisikia.

Kijito cha kabla ya kijiji kilikuwa kimefurika na daraja halipo. Hozefa akazima gari, akashuka, akatia kijiti majini.

"Hapa gari haliingii, Jashubhai. Na mabati hayabebeki. Kwa upepo huu yatakukata shingo."

"Basi turudi kesho."

Bujiku, tuliyekuja naye atuonyeshe njia, akasema, "Tajiri, watu wa msiba hawangoji bati. Wanangoja mtu." Akavua suruali, akaifunga kichwani, akanipa mkono.

Nikavuka nikiwa nimeshikwa mkono kama mtoto. Maji yalinifika kifuani. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, nikavua na kingine nikakitupa. Katikati ya mto nilimwita Bhagwan kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu mvua hizi zianze sikumkumbusha taa nilizomwashia. Sikuwa na nafasi. Nilisema tu: nishike. Lakini aliyenishika alikuwa Bujiku, na alikuwa akinitukana kwa Kisukuma kwa sababu nilikuwa nikimvutia chini.

Nilifika mikono mitupu, miguu peku, nguo zimenigandia. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai. Wanawake wakaacha kuongea. Nyamizi alikuwa ndani, ameketi kwenye mkeka karibu na mlango, mkono wa kushoto umefungwa kwa mbao na vitambaa. Amekuwa mdogo. Au tuseme sikuwahi kumwona amekaa. Kwangu huwa amesimama.

"Shikamoo, Baba Heena," akasema yeye kwanza. Katika hali ile.

Sikuitika. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikwenda na mto. Nikasema, "Mama Loveness, ni mimi. Uliniomba mabati. Nilikuwa nayo. Ningekupa, ule ukuta usingeanguka. Mimi ndiye niliyemuua mama yako."

Nilisema kwa nguvu. Nje wakasikia. Nikangoja. Nilikuwa tayari anitemee mate, na nilikuwa tayari anisamehe, lolote kati ya hayo ningelipokea nikiwa nimeinamisha kichwa.

Akanitazama, si kwa hasira, kwa uchovu tu.

"Baba Heena," akasema, "mvua ni ya Mungu. Wewe ulikuwa na mabati tu."

Kisha akasema, "Sogea kidogo hapo mlangoni. Unawazibia wanaoleta maji."

Nikasogea. Mabinti wawili wakapita na ndoo.

Jumatatu, 19 Januari

Homa. Usha ananipa tangawizi.

Jumanne, 20 Januari

Nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nilikwenda kumwambia kosa kubwa kuliko yote maishani mwangu, naye akaniambia nisogee! Angenilaani, ningekuwa mtu aliyelaaniwa. Angenisamehe, ningekuwa mtu aliyesamehewa. Alichofanya ni kuniacha nilivyo: mzee wa miaka sitini na moja aliyesema "tutaona" kwa sababu lori lilikuwa likimngoja.

Ulikuwa na mabati tu. Naligeuza neno hili tangu juzi. Upande mmoja ananiambia sikuwa mkubwa kiasi cha kuleta kifo. Upande wa pili ananiambia kwamba kitu kimoja kilikuwa mkononi mwangu, kimoja tu, kidogo, na hicho nacho sikukitoa. Pande zote mbili zinauma.

Alhamisi, 22 Januari

Sanket alikuja kunitazama. Nilimweleza yote, nikangoja aseme moja ya zile kauli zake ili nimfukuze. Akakaa pembeni ya kitanda, akatazama miguu yake.

"Mimi sijui, Jashubhai," akasema. "Mimi najua nyimbo tu. Naimba kwamba mimi ni mavumbi, halafu nikisahauliwa kuletewa chai nakasirika siku nzima."

Sikutegemea. Nikamwambia Usha alete chai, mbili.

Jumapili, 1 Februari

Kikao. Nilisimama nikasema wazi kwamba mabati ya paa yalikuwa mabovu, niliyajua hivyo nilipoyatoa, na kwamba fundi nilimsingizia.

Halafu mzee mmoja nyuma akasema, "Tulijua, Jashu."

"Mlijua?"

"Sote tunanunua kwako."

Watu wakacheka, nami nikakaa. Hata dhambi yangu ya siri ilikuwa habari ya zamani. Kesho nitayashusha na kupiga mengine, na fundi yule yule, kama atakubali.

Jumatano, 4 Februari

Fundi amekubali baada ya kuniacha nimesimama nje ya kwake nusu saa. Mvua imetulowesha wote wawili.

Jumapili, 22 Februari

Kijito kimepungua, tukapeleka yale mabati ishirini. Donatus, kaka yake Nyamizi, ni mtu mrefu wa maneno machache. Nilianza kueleza. Akanikatiza bila ukali: "Weka pale." Nyumba mpya ya dada yake hapo kijijini wameshaiezeka kwa nyasi, watu wa kijiji wamesaidiana. Mabati watayatafutia kazi baadaye. "Wabeja," akasema, yaani asante, akarudi kwenye jembe lake.

Nimemwomba Nyamizi arudi kazini, nikataja nyongeza. Akatikisa kichwa.

"Mkono huu hautafua tena nguo, Baba Heena. Na Loveness atajifungua mwezi wa tano. Nikae naye."

Nilirudi nimenuna. Nimezoea kwamba nikija na mzigo, natoka na kitu.

Alhamisi, 12 Machi

Usha amelia jikoni. Nilidhani ni goti. Akasema hapana, amekumbuka kwamba Nyamizi alipofiwa na mume, miaka ile, alichukua ruhusa siku mbili tu, nasi tukamkumbusha kuwahi kwa sababu ya wageni wa Diwali. Mimi sikukumbuka kabisa. Tulikaa wote wawili sakafuni tukimenya njegere. Mimi namenya vibaya.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Asubuhi nilipiga magoti kama kawaida nikafungua mdomo kuanza orodha yangu ya maombi, na sikuwa na la kwanza. Nikakaa tu pale mpaka utambi ukaisha mafuta. Sijui kama hiyo ni sala. Usha aliniuliza kama ninaumwa.

Jumapili, 5 Aprili

Rama Navami, siku ya kuzaliwa Bwana Rama. Watu wengi, hata kutoka Mwanza. Viatu sitini na kitu, vyote vina tope. Mgongo unaniuma na nimemfokea mtoto mmoja. Paa halikuvuja.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimekwenda kijijini na Usha. Mara hii hatukupakia kitu ila sukari na majani ya chai, kama mtu yeyote anayekwenda kusalimia. Jua lilikuwa kali, barabara imeanza kukauka, na mahindi ya Donatus yamesimama vizuri kuliko ya jirani zake, jambo ambalo yeye mwenyewe halisemi.

Nyamizi alimkumbatia Usha kwa mkono mmoja na wakaingia ndani wakisemezana juu ya tumbo la Loveness. Loveness ni binti mpana mwenye sauti kama ya mama yake. Ameniamkia, akanipa kigoda, akaenda zake. Nikabaki uani. Nilitaka kwenda kaburini kwa yule bibi. Donatus akanionyesha kwa kidevu, chini ya mti wa mkwaju, akaniambia jina lake: Kabula. Nilisimama pale. Nilikuwa nimefikiri nitasema kitu. Nikang'oa majani mawili matatu yaliyoota, mgongo ukanikatalia, nikarudi.

Mchana wakapakua. Kwenye sinia la wote kulikuwa na ugali na dagaa. Nyamizi akaweka mbele yangu bakuli la pembeni: mlenda, bila dagaa, na bila kitunguu, maana nisivyokula anavijua kuliko mimi. Usha na mimi tulishindwa kutazamana.

Wakati huo akaingia mzee mmoja wa kijiji, jirani, kuomba moto wa kiko. Akaona Mhindi amekaa kwenye kigoda peku, maana viatu nimeviacha nje ya ua. Akamuuliza Nyamizi kwa Kisukuma, akidhani sielewi, "Huyu ni nani?"

Nikanyanyua kichwa. Nakiri kwamba nilingoja. Bosi wangu wa zamani. Mwenye duka la vifaa. Aliyeleta mabati yale. Au hata lile lingine, la mama yake, ambalo angekuwa na haki ya kulisema.

"Mtu wa mjini," Nyamizi akasema. "Amekuja kutusalimia."

Mzee akaitika, akachukua kaa lake la moto, akaniambia "Mwangaluka," salamu yao, akaondoka.

Nikanawa mikono, nikala.